Pampu ya Kahawia Sandukuni

Miaka ya vita ilinifundisha kuficha, nami sikuwa mwanafunzi mbaya. Sukari niliifunga katika mfuko wa nailoni, nikaizika chini ya kanga ndani ya sanduku langu la bati. Sabuni niliikata kwa uzi: nusu ya kufulia, nusu ya kulala sandukuni. Mara mbili askari waliingia nyumbani kwangu Jinja, wakapekua, wakatoka mikono mitupu. Najisifu, na haki ya kujisifu ninayo.

Basi vita vilipokwisha, pumu iliporudi kunikaba na tabibu akanipa pampu mbili za dawa ya kuvuta, nilidhani najua la kufanya. Ya buluu, aliniambia, ni ya wakati kifua kinapobana. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni. Tabibu mwenyewe alikuwa mtu wa kaskazini aliyewahi kutibu wafungwa gerezani, na sote bado tulimwita afande. Nikamwitikia "ndiyo, afande" kwa adabu zote, nikarudi nyumbani, nikaiweka ya kahawia chini ya kanga, ubavuni mwa sukari. Dawa nzuri namna ile niimalize nikiwa mzima? Nilimwona mtu asiyejua maisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nikishona sare za askari magereza, vumbi la pamba likiruka kutwa, na pampu ya buluu haikunitoka mkononi mpaka ikaisha. Mchana mmoja kifua kikafunga kabisa. Nilijikokota hadi kwenye sanduku, nikaitoa ya kahawia kwa fahari, nikavuta, nikavuta tena. Wapi! Niliogopa kuliko siku za askari. Jirani alinipakia nyuma ya baiskeli yake akanikimbiza hospitali.

Kaka yangu, anayekaa Malukhu kule Mbale, alipopata habari alituma neno: Idi ikipita atakuja na pikapu kuchukua cherehani, na mimi pamoja nayo. Nikakae kwake, nile kwa wifi. Wifi yangu nampenda, lakini nampenda akiwa Mbale nami nikiwa Jinja. Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache za kumwonyesha kaka kwamba kifua changu kinaweza kukaa na cherehani hapa hapa Jinja.

Nilipotoka hospitali nilimwendea afande. Aliishika pampu ya kahawia, akaipima mkononi.

"Mama, hii iko muzito. Wewe hapana vuta?"

"Afande, mimi naweka ya siku mubaya."

Nilitegemea anicheke. Akavuta kiti akakaa.

"Hata mimi iko naweka chumvi, miaka mingi. Lakini hii hapana chumvi, mama. Hii nafanya kazi pole pole, kila siku, hata kama kifua iko muzuri. Siku mubaya ikifika, yeye hapana saidia. Buluu ndiyo nasaidia, na hiyo usingoje iishe. Kama buluu nashindwa, wewe kimbia hospitali."

Akanionyesha upya. Nitikise, nitoe pumzi yote, nibonyeze huku nikivuta taratibu, kisha nizuie pumzi nikihesabu hadi kumi. Mwisho nisukutue mdomo na kutema, nisije nikapata vidonda na utando mweupe ulimini. Hapo nilimkatiza. Kusukutua anifundishe mimi, ninayetawadha mara tano kwa siku?

Pampu ikahama sandukuni, ikakaa dirishani kando ya birika la udhu. Kabla ya udhu wa alfajiri navuta, kabla ya udhu wa isha navuta, kisha nasukutua kama nilivyozoea tangu utotoni. Hata mfungo ulipoingia haukunivuruga, maana nilivuta baada ya daku kabla ya adhana. Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote, nikamsema afande moyoni maneno yasiyofaa kwa mfungaji. Wiki ya tatu nilishuka Masese, ziwani, kununua samaki, nikarudi kwa miguu bila kusimama njiani.

Idi ikapita, kaka akaja, kamba begani.

"Fungasha, dada yangu."

"Kaa kwanza unywe chai."

Kopo la sukari lilikuwa tupu. Nikafungua sanduku, nikautoa mfuko wa nailoni. Sukari ya vita ilikuwa imegeuka jiwe. Nikaiweka kwenye kizingiti nikaigonga kwa nyundo, nikagonga mpaka jasho likanitoka, na kaka amesimama juu yangu akisubiri nikohoe. Sikukohoa.

"Hii si ile ya wakati ule?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Si uliiweka ya siku mbaya?"

"Niliiweka. Leo nataka tunywe chai tamu."

Alikunywa vikombe viwili. Kisha akakunja kamba yake, akarudi Mbale na pikapu tupu.