Tepu ya Mama

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona nguo, na wanawake wengi wa mtaa wetu wa Kapsoya waliingia kanisani wamevaa kazi ya mikono yake. Nikiwa mdogo nilifanya homuweki chini ya meza yake ya kukatia, nikimsikia akimzunguka mteja na tepu ya kitambaa, akitaja namba kwa sauti: kifua thelathini na sita, kiuno thelathini. Kisha aliandika mwenyewe kwenye daftari lake. Hakupenda mtu mwingine aliguse.

Sasa anayepimwa ni yeye. Ana ugonjwa wa Parkinson, ule unaokakamaza mwili na kufupisha hatua. Kila baada ya miezi mitatu nampeleka kliniki, na daktari, kijana mpole kuliko mimi, humwambia, "Mama, gonganisha kidole na kidole hivi, haraka haraka. Haya, kunja mikono kifuani, usimame bila kushika kiti. Tembea mpaka kwa mlango, urudi." Kila jambo hupewa alama, sifuri hadi nne, na nne ndiyo mbaya zaidi. Siku alipopata mbili pale alipokuwa na moja, alirudi nyumbani akamwambia jirani kwamba amepanda. Sikujua kama ni utani. Nilimweleza kwa ukali kwamba huko kupanda ndiko kushuka. Mdomo wangu una haraka, na sijivunii.

Shida ni kwamba kliniki mama hutembea vizuri kuliko nyumbani. Akiona tu koti jeupe anajikaza. Kwa hiyo daktari aliniomba nimpime nyumbani na kuandika, ili apange dawa kwa kufuata hali yake ya kweli. Nilishukuru kupata kazi ya kufanya, maana kukaa tu nikimtazama kulikuwa kunanimaliza.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani, kabla mvua ya alasiri haijaanza, mama hutembea kwenye saruji ya uani, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye tangi la maji. Mimi namfuata kwa magoti na chaki yake ya kushonea, nikiweka alama kila kisigino kinapotua. Halafu nanyoosha tepu yake ileile kati ya alama na alama. Tulianza na inchi kumi na tisa kwa hatua. Zikawa kumi na saba. Dawa ikaongezwa, hatua zikarefuka kidogo, nikafurahi kama mjinga. Kisha zikashuka hadi kumi na nne.

"Hiyo tepu imevutika," mama akasema. Siku hizi sauti yake ni ndogo, lazima uiname. "Tepu ya kitambaa ikizeeka inavutika, inakula inchi. Nunua ingine."

Kuhusu tepu za kitambaa kwa jumla alikuwa anasema kweli. Nilienda mjini nikanunua mpya, huku nikimwomba Mungu, bila aibu, kwamba ile ya zamani iwe mbovu. Nyumbani nikazilaza zote mbili mezani, bega kwa bega. Kila mstari uligusana na mwenzake, tangu mwanzo hadi inchi ya sitini. Nilikaa pale nikalia. Tepu ya miaka yote hiyo haikuwa imevutika hata kidogo.

Jumapili iliyofuata tulipima kwa tepu mpya. Kumi na moja. Mama alikuwa ameshika tangi, akingoja kwa ule uso wake ambao siku hizi hauonyeshi kitu.

"Ngapi?"

"Kumi na tatu," nikasema.

Aliziangalia alama za chaki pale chini. Mikono imemwasi, miguu imemwasi, lakini macho yaliyokata vitambaa maisha yake yote bado yapo.

"Hiyo ni kumi na moja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Kastoma akikuja amekonda, yule wa ugonjwa," akasema, akipumzika kati ya maneno, "nilikuwa nataja namba yake ya zamani kwa sauti, ndio asikie. Halafu naandika ile ya ukweli kwa daftari. Nguo ilikuwa inamkaa sawa. Hakuna mwenye aliwahi kuuliza."

Utotoni mwangu nilizisikia namba hizo zote nikiwa chini ya meza, na nilidhani zote ni za kweli.

"Kwa hivyo daktari umwandikie ya ukweli," akaendelea. "Lakini mimi uniambie ile ya zamani. Na usiongeze kidogo kidogo hivyo kama mwizi. Sema kumi na tisa."

Nilikubali. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Tangu siku hiyo daftari langu linasema jambo moja na mdomo wangu jingine, na sote wawili tunajua.

Jumapili iliyopita zilikuwa inchi tisa. Niliandika tisa. Kisha, nikiwa bado nimepiga magoti kwenye saruji, nikapaza sauti hata jirani asikie.

"Kumi na tisa, mama!"

"Asante," akasema, akaanza kugeuka ili arudi jikoni. Kugeuka tu kulimchukua hatua nane, na mimi nilibaki pale chini na chaki mkononi, nikizihesabu.