Nyumba Zisizokwisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa tepu ya kupimia, ubao wa kuandikia na mabuti ya mvua, kwa sababu ilikuwa masika na udongo wa Tunduma hauachii mguu kirahisi. Nilitoka Hasamba, kwenye kahawa, nikiwa na cheti cha masomo ya ardhi na maneno machache. Mthamini Mkuu wa halmashauri, mtu mrefu asiyecheka, alinitazama kuanzia miguuni.

"Kijana, kila nyumba watakukaribisha chai," alisema. "Kunywa. Ila ukiwa na kikombe mkononi, usiandike."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Uthamini ni kukadiria jengo lina thamani gani ili lilipiwe kodi. Tulipima urefu na upana, tukaangalia bati, sakafu na madirisha, kisha tukatoa uchakavu, yaani kile ambacho miaka imekula. Jengo ambalo ujenzi wake haujakamilika tuliliruka. Hapo ndipo mji mzima ulipotuzidi akili. Mtaa wowote ungeona nguzo zimesimama juu ya zege na nondo zimechomoza, zimevikwa chupa za plastiki zisishike kutu. Watu wamelala humo, wamezaa humo, wameozesha mabinti humo, lakini ukiuliza unajibiwa: "Haijaisha."

Tungeendelea kucheka tu, kama si maktaba. Baraza la madiwani lilikuwa limeamua kwamba sehemu ya kodi ya majengo ya kata yetu iendeshe maktaba. Kilikuwa chumba cha kupanga karibu na soko la mahindi, chini ya Bi. Neema, mkutubi aliyeletwa na masanduku ya vitabu bila msaidizi. Wanafunzi walisoma kwa zamu maana viti havikutosha. Siku moja Mweka Hazina alituita ofisini, akasema bila kuinua macho, "Kwenye makaratasi yenu kata hii ni pori, haina jengo hata moja la maana. Hali ikibaki hivi, maktaba naifunga."

Nilimpelekea Bi. Neema habari hiyo. Aliniuliza swali moja tu: "Na ghorofa la Mzee Simbeye, nalo ni pori?"

Mzee Simbeye alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko ofisi yetu. Nilipokwenda alinipokea kwa heshima ya watu wa huku, ambao humwita mtu 'mukwai', yaani bwana.

"Karibu, mukwai, karibu sana. Lakini nondo si unaziona? Haijaisha."

"Mzee, mbona mapazia yapo mpaka jikoni?"

"Mapazia ni ya mama. Nyumba ni yangu, na haijaisha."

Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa akimimina chai. Birika alilitua kwa kishindo.

Sababu ya kishindo hicho niliijua baadaye. Familia nyingi za Kikristo huku hazijioni zimehamia nyumba mpaka mchungaji aje kuiweka wakfu, na mchungaji wao hakuwa akiweka wakfu nyumba inayojengwa. Mama Tumaini aliiomba ibada hiyo tangu wanawe wakiwa wadogo. Mzee akawa anaikwepa kwa ajili ya kodi. Mwishowe mama akamwita mchungaji yeye mwenyewe, akachinjisha ng'ombe, akaalika mtaa na ndugu wa ng'ambo. Nami nilialikwa. Sikuuliza ni nani aliyenipendekeza, ingawa Bi. Neema na mama mwenye nyumba walikuwa kwaya moja.

Kwa desturi yao mchungaji husimama mlangoni na kumuuliza mwenye nyumba mbele ya watu. "Baba Tumaini, nyumba hii unayoikabidhi kwa Mungu, imekwisha?"

Mzee akatazama nondo zake, akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya akina mama wa kwaya, kisha akamtazama mkewe. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Imekwisha," alisema mzee.

Vigelegele vilipasuka. Mama Tumaini akalia waziwazi, nami nilimwonea huruma na kumfurahia kwa pamoja.

Jumatatu nilirudi na tepu. Mzee alishika ncha ya pili mwenyewe. "Vuta vizuri, mukwai, usije ukanizidishia." Majirani nao wakakosa pa kujificha: kama ghorofa la Simbeye limekwisha, kibanda cha nani bado? Maktaba haikufungwa. Halmashauri ikaanza hata kuijengea jengo lake nyuma ya soko.

Kisha utaratibu ukabadilika nchi nzima. Kodi ya majengo ikawa inakatwa mtu anaponunua umeme, na haikupita tena mikononi mwetu. Ni njia rahisi, haina ubishi wala chai. Lakini ile sehemu ya maktaba haikuwa na pa kutokea tena. Tepu yangu ilikaa kwenye droo mpaka nikastaafu. Bi. Neema alihamishwa, na vitabu vikarudi kwenye masanduku.

Vijana mnaosoma ardhi sasa mna ramani za angani, na mtapima kwa usahihi kuliko sisi. Sina wivu. Kinachoniuma ni kile kilichobaki nyuma ya soko. Juzi nilipita hapo na Mzee Simbeye, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Kuta zimeishia kwenye linta, juu tu ya madirisha, nondo zimechomoza, na hakuna aliyezivika chupa.

"Na hii, mthamini?" aliniuliza.

"Haijaisha, mzee."

Alizielekezea nondo zile mkongojo wake.

"Mukwai," akasema, "mimi niliposema hivyo, nilikuwa nalala ndani."