Chandarua cha Mtoto

Saa kumi na dakika ishirini alasiri kaka mkubwa wa baba aliingia kwetu na vyandarua vinne begani. Mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuziba kwa cherehani matundu ya chandarua cha mdogo wangu mchanga. Mpaka leo, harufu ya mafuta ya cherehani katika soko la mji wa Baraka hunipandisha hasira.

«Shemeji, unganisha na hii ya mutoto, ikuwe wavu. Ndakala iko mingi mu ziwa.»

«Na mutoto atalala mu nini?»

«Kwani mbu inakulaka muntu?»

Baba alicheka naye. Mama alikanyaga cherehani hadi uzi ukakatika mara mbili, lakini alishona.

Kesho yake tulikula ndakala. Mtoto alikuwa na vipele vya mbu uso mzima, nami niliomba kuongezewa.