Viganja vya Jioni

Yule mshonaji hakuwa na mama wala baba wa kumkumbuka. Alilelewa na serikali, katika Nyumba ya Malezi. Kila jioni watoto wa humo walijipanga mstari, wakamnyooshea mlezi viganja, na kila mmoja akataja jambo ambalo mwenzake amelificha. Aliyesema alikumbatiwa. Aliyenyamaza alilala bila kuguswa na mtu. Haya, mtu aliyelelewa hivyo utamlaumu kwa lipi? Mazoea yana taabu. Amekua, ameolewa, anashona makoti ya sare kwenye chumba cha mbele, lakini akiona kofia ya mkaguzi wa serikali tu, mikono inanyooka yenyewe.

Mama mkwe wake alimwita Askari. Akiingia asubuhi humkuta yuko kwenye cherehani, amuulize, “Askari wangu, leo umemsema nani?” Alikuwa bibi wa maneno mengi na vidole vyepesi vya kufumua mishono, ila umri wake ulikuwa umeshapita ule ambao wazee wakiufikia huchukuliwa na wakaguzi kupelekwa Makaoni. Na aliyepelekwa Makaoni hakurudi hata kusalimia. Mtoto wake wa kiume, mume wa mshonaji, alikuwa kazini mbali, kwa hiyo kumficha bibi ikawa kazi ya mkwe. Watu wakija, bibi aliingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, akajibanza katikati ya makoti.

Na mkwe alimpenda, jamani. Ni bibi huyu aliyemkumbatia siku ya harusi bila kumuuliza kitu, mara ya kwanza maishani mwake, naye akasimama kama gogo, hajui mikono aiweke wapi.

Kosa lake lilikuwa kwa binti yake mdogo. Kila jioni alimwambia anyooshe viganja, ataje siri moja ya siku hiyo: nani kavunja kikombe, nani kalamba sukari. Akishasema, alimbusu viganja na kumkumbatia. Hayo ndiyo mapenzi aliyofundishwa, mengine angeyatoa wapi? Bibi alimwonya, tena si mara moja, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkwe akajibu kwamba ni mchezo tu, mtoto anaufurahia. Na kweli aliufurahia.

Iliposikika kwamba wakaguzi wanapita nyumba kwa nyumba, bibi alivaa kofia ya mwanawe, akajifanya mkaguzi, wakafanya mazoezi. Mwanzoni mikono ya mkwe ilinyooka, wakacheka mpaka machozi, mtoto naye akiwatazama. Ndipo bibi akampa dawa yake: ashike kitambaa kwa mikono miwili, asikiachie.

Mkaguzi alikuja mchana. Mkwe alikikamata kitambaa, akasema mama mkwe alishafariki. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka umenyooka. Mkaguzi akatikisa kichwa, akampa pole, akageuka kuondoka. Mkwe alijisikia mwepesi, nusura acheke.

Mlangoni mkaguzi alimkuta mtoto anachezea vifungo, akamsalimia. Mtoto akaiona kofia, akainuka, akanyoosha viganja vyake viwili.

“Bibi yuko nyuma ya pazia,” akasema, huku anatabasamu.

Bibi alitoka mwenyewe, akifunga vifungo vya sweta, uzi mweupe umemganda begani. Hakumkaripia mtu. Mtoto alikuwa bado amenyoosha viganja, anamtazama mama yake, anasubiri. Mama yake hakuweza kusogea.

“Mkumbatie, mwanangu,” bibi akasema. “Amefanya ulichomfundisha. Usimwache amesimama hivyo.”

Mkwe akapiga magoti, akamkumbatia mtoto, na juu ya bega lake dogo akamwona bibi anashikwa mkono na kutolewa nje.

Jioni mtoto alipanda kitandani, akanyoosha viganja kama kawaida. Mama akavifumba, kimoja kimoja, akamvuta kifuani, hakuuliza kitu. Mtoto akakakamaa mikononi mwake.

“Lakini mama,” akasema, “sijasema chochote.”