Nimalize base game kwanza, au niweke expansion yenye mitumbwi?

Habari za humu wakuu.

Juzi kuna member aliuliza: strategy game uanze na base, yaani game yenyewe, au uweke expansion, ile nyongeza yake, moja kwa moja? Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Vuteni viti. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sitii.

Niko Nchelenge, Zambia, kando ya ziwa Mweru. Nauza samaki wakavu. Wazazi walivuka kutoka Kongo, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili cha Katanga. Mkikikuta huko chini msinicheke.

Enzi hizo kaka yangu Ilunga, kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya, alikuwa anabeba magunia ya samaki sokoni. Kila mwaka serikali inafunga ziwa kwa muda ili samaki wazaane. Likifungwa, hakuna magunia, na yaya anashinda bure.

Kulikuwa na mzee mwenye duka la kuchajisha simu. Wateja nao walipungua, maana hela haipo mtaani. Ndani alikuwa na kompyuta moja kuukuu yenye game ya kujenga mji. Tukimchotea maji, anatuachia tucheze.

Jamani, nilikuwa naomba ziwa lifungwe, na nyumbani tunakula kisamvu kila siku!

Sasa ile game ilikuwa na ziwa kubwa, katikati kisiwa. Tukakiita Kilwa. Hii ni Kilwa yetu ya Mweru, siyo ile yenu ya Tanzania. Shida ni kwamba base game haikuwa na chombo chochote cha majini. Watu wanazunguka ziwa kwa miguu, wanalima mahindi, basi.

Yaya alikuwa anakasirika kweli kweli.

"Bale batu beko bajinga! Ziwa iko mbele yabo, beko banakula tu mahindi!"

Siku moja mzee wa duka akatuambia kuna expansion inaleta mitumbwi na samaki. Nikamganda yaya tuitafute. Akasema, "Hapana, mudogo. Kwanza tumalize hii. Ya mitumbwi itafuata."

Hatukumaliza. Yaya alipata nafasi ya kwenda kuishi ng'ambo, akaondoka.

Mimi yale maneno niliyashika kama amri ya kanisani. Kila kitu, kwanza nimalize nilichoanza. Hata mchumba aliponiambia tuhamie Mansa, nikamwambia kwanza tumalize mambo ya hapa. Akamaliza yeye.

Miaka ikaenda na simu za yaya zikawa fupi.

"Mama iko muzima?"

"Iko."

"Haya."

Mtu niliyelala naye mkeka mmoja, sina cha kumwambia. Iliniuma, wakuu, nikaona kaka yangu ananipotea hivi hivi.

Safari hii ziwa lilipofungwa nikanunua laptop used. Nikakuta game yetu iko kwenye sale, base na expansion pamoja. Nikamwandikia yaya tucheze online siku yake ya off. Nilipanga tuanze na base, tuimalize kama alivyosema. Akajibu haraka: "Weka ya mitumbwi."

Nikapandwa na hasira. Nikampigia.

"Yaya, si weye ulisema kwanza tumalize?"

Akanijibu polepole.

"Mudogo, ile wakati hatukukuwa na makuta ya kununua ile ingine. Ulikuwa mutoto, ungelia. Nikasema tu bile."

Nilikaa chini. Miaka yote naishi kwa sheria, kumbe yaya alikuwa ananibembeleza. Nilicheka, halafu machozi nayo yakaja, sioni aibu kusema.

Nikaweka ya mitumbwi.

Siku ya kucheza mama alikaa karibu ili asikie sauti ya mwanawe kwenye spika. Yaya akatengeneza mtumbwi, akauvusha hadi Kilwa, akaanza kuvua. Mama akaruka:

"We Ilunga! Ziwa ilifungwa! Unavua aje?"

Yaya akacheka kile kicheko cha enzi zile za dukani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke. Alipotulia akasema, "Bakuje banikamate, mama. Banirudishe nyumbani."

Mama akajifuta macho kwa kitenge. Baada ya hapo tuliongea mpaka charge ikaisha, na game tuliisahau.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: ukicheza peke yako, anza na base, utaielewa game vizuri. Ila kama kuna mtu umemkumbuka, weka ile anayoitaka yeye, na usingoje kumaliza kwanza.

Nyie wengine mlianza na ipi, na mlicheza na nani? Shusheni comments mapema, maana Jumapili yaya yuko off na mama ameshaanza kuniuliza kama ule mtumbwi umerudi.