Taa za Kaskazini Alizotufundisha Baba

Baba alifika Guangzhou, kusini mwa China, mwezi wa tatu, wakati ambao hewa imelowa hata kuta za nyumba zinatoka jasho na nguo haikauki kwa siku tatu. Viza yake ilikuwa ya siku thelathini. Nilidhani amekuja kuniona mimi, bintiye, ambaye huu ni mwaka wa kumi na moja nanunua jinzi Xintang na kuzipeleka Mombasa kwa kontena. Siku ya pili, uchovu wa ndege haujamtoka, akatoa begini ramani ya dunia iliyochanika mikunjoni, akaitandaza mezani kwangu.

"Mamangu," akasema, "kutoka hapa kwenda kuona taa za kaskazini ni safari ya siku ngapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baba alifundisha jiografia shule ya msingi mpaka akastaafu. Hata mimi alinifundisha, darasa la sita, na darasani nilimwita Mwalimu kama wenzangu. Kila mwaka alichora ubaoni, kwa chaki ya kijani iliyochovywa majini, zile taa zinazocheza angani usiku kule karibu na ncha ya dunia. Siku moja niliinua mkono nikamwuliza, "Mwalimu, umeziona?" Akajibu, "Nimeziona." Nilijua si kweli, maana nilikuwa naishi naye nyumba moja na hakuwahi kuvuka Nairobi. Sikusema neno, siku ile wala baadaye, ila jibu lile lilinikaa rohoni.

Sasa akalitoa mwenyewe, kidole kikiwa bado juu ya ramani. "Niliwadanganya watoto wa watu. Nawe ulijua. Nataka neno lile liwe kweli kabla sijafa."

Machozi yalinilenga. Mimi nikitaka kulia hupanga mambo, ndivyo nilivyo. Ulaya tukaiacha, kwa sababu kuomba viza ya huko kungekula siku zote alizokuwa nazo. Tukabaki na Mohe, mji ulio kaskazini kabisa mwa China. Huko hakuna anayekuahidi kitu, lakini miaka hii jua, ambalo ndilo huziwasha, limechachamaa na taa zimekuwa zikionekana mara kwa mara. Tungepanda ndege mpaka Harbin, kisha treni usiku kucha.

Tarehe nilichagua mimi. Kwetu pwani safari ya usiku hupangiwa mbalamwezi, iwe ni harusi au kwenda kumjulia hali mgonjwa kijiji cha pili. Nikatafuta kwenye kalenda usiku wa mwezi wa siku kumi na nne, ili tusijikwae thelujini. Baba akaafiki papo hapo. Tukakata tiketi, tukajiona wajanja kweli.

Makoti tuliyafuata Liuhua, kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni. Msimu wa baridi ulikuwa unaisha na makoti mazito yamerundikwa hadi mlangoni, lakini yaliuzwa kwa bunda tu.

"Mawili? Mei you," mama mwenye duka akanikatalia, yaani hakuna.

"Laoban," nikamwambia, maana bosi yeyote sokoni huitwa hivyo, "huyu mzee ana mwili mmoja. Makoti kumi atayavaa wapi?"

Mama yule akacheka mpaka akashika kaunta, akatuuzia mawili. La Baba lilikuwa na maua ya waridi mifukoni. Hakulalamika.

Nikampigia simu mwenye nyumba ya wageni kule Mohe kuhakikisha chumba. Aliposikia tarehe aliguna. "Mwezi mpevu? Basi mwezi mtauona vizuri sana," akasema. Akanieleza kwamba mbalamwezi humeza zile taa zikiwa hafifu. Wanaojua huja mwezi ukiwa umefichika.

Nilipomfasiria Baba, alijipiga paji la uso. "Hata nyota mbalamwezi huzifuta! Mwalimu mzima!" Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mwenyewe, nikaukasirikia na mwezi.

Giza la mwezi lingeingia wiki mbili mbele. Tukisogeza tiketi hadi hapo, tungerudi Guangzhou viza yake imebakiza siku mbili. Shida ni kwamba wiki hiyohiyo kontena langu lilikuwa lifungwe. Na mimi kontena halifungwi sijasimama pale. Mara moja tu nilikosa, tukafungua mzigo Mombasa tukakuta jinzi zote ni za watoto.

Nikampigia wakala wangu wa bandari ya Huangpu, Mkenya mwenzangu.

"Sista, buking ishatoka bana," akasema. "Ukiacha hii meli, ingine ni baada ya wiki mbili. Makastoma watakuruka, wanunue kwingine."

Nikamtazama Baba. Alikuwa amelivaa koti lake la maua humo ndani, katika joto lile, anajaribu zipu.

"Waniruke," nikasema. "Iache meli iende." Moyoni nilikuwa na furaha ya mtoto siku shule inapofungwa.

Siku ya safari tulifika uwanja wa ndege mapema mno. Baba alikataa kulivua koti. Alikaa wima, ramani mapajani, jasho likimtiririka, na kila baada ya dakika chache aliniuliza kama mawingu ya Mohe yamepungua. Yalikuwa yanapungua. Nilimwonyesha kwenye simu, akatabasamu, akaomba nimwonyeshe tena.

Tulipoitwa kupanda ndege, nikainua mkono juu, kama darasani. Watu wakageuka kututazama.

"Mwalimu," nikasema, "umeziona?"

Baba akasimama, akajifunga zipu mpaka kidevuni, akanijibu kwa sauti ileile ya ubaoni:

"Bado."