Picha Mbili za Mama na Kanga Moja

Nina hasira na mzungu yule mpaka leo, na wanawake wa Dunda, mtaa wetu, nina hasira nao zaidi. Majina yao nayajua yote, la kwanza hadi la mwisho. Siyaandiki, maana wajukuu zao ndio majirani zangu.

Mama alikuwa akisuka mikeka. Mzungu mchoraji alipanga nyumba ya mawe mtaani kwetu, akamwomba akae barazani kwake asuke, naye amchore. Mimi nilikuwa kigori, nikienda naye kila asubuhi, kwani mwanamke hakai peke yake na mwanamume asiye wake. Mama alikubali kwa sharti moja: ushungi hautoki kichwani. Mzungu akasema sawa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kutulia. Alichora mistari kwanza, kama mama anavyosuka ukili wote kabla ya kuushona uwe mkeka. Rangi ikaja mwisho. Mama amenyooka kama nguzo, mikunjo ya kanga imelala kama iliyopigwa pasi, uso hauna jasho. Mama akacheka, akasema amekuwa kama maiti aliyekwisha kuoshwa. Lakini ushungi ulikuwepo.

Ya pili hakutuonyesha. Habari zake tulizipata kisimani. Mpishi wa mzungu alimsimulia mkewe, mkewe akawasimulia wenziwe, na tulipofika na ndoo zetu wote wakageuka kututazama. Kisha mmoja, aliyekuwa shoga yake mama tangu utoto, akasema, "Shoga, kichwa kinakuwasha siku hizi? Tumesikia unakipungia upepo kwa mzungu." Wakacheka.

Mama akaacha ndoo palepale, tukaenda kwa mzungu.

Picha ilikuwa ukutani. Mbingu nyekundu, mawingu yanapigana, rangi imerundikwa nene kama uji uliomwagika, mstari huuoni. Katikati yumo mama yangu, mdomo wazi, nywele zimetimka hadi mabegani, mkeka unapeperuka. Mama hakupata kuwa hivyo hata siku baba alipozikwa.

Mzungu akatueleza taratibu, kama watoto wa chuo cha Kurani. Wachoraji wa zamani wa kwao walitii akili: mstari, utulivu, mtu hata akiuawa hakunji uso. Wakaja wengine waliochoshwa na hayo, wakataka moyo: dhoruba, moto, machozi. Yeye alitaka kumchora mama kwa namna zote mbili, na alikuwa amesikia kuwa ni mjane.

"Hapa sikuchora kichwa chako," alisema. "Nimechora huzuni yako."

Mama akamjibu, "Huzuni yangu nayo huvaa ushungi, bwana."

Mzungu akatabasamu. Tabasamu lile ndilo nisilomsamehe. Akasema picha ikishakwisha haiguswi.

Mama akavua kanga ya kichwani, akaifunika picha, akaikaza kwa nyuma mafundo mawili. Nikamvulia yangu. Akaikataa, akaniambia nijifunike.

Tukarudi kwa njia ya kisimani, ingawa ipo nyingine. Wanawake walikuwa bado wapo. Waliziona nywele za mama: fupi, nusu mvi, zimesukwa, hazifiki hata masikioni. Hakuna aliyecheka. Shoga yake akaanza kuvua kanga yake ampe. Mama akachukua ndoo, akampita.

Hakumwamkia tena mpaka anaingia kaburini. Na mimi wa kwake siwaamkii.